Chapa ya Hiroshige niliyoinunua Jimbocho: kama yeye hakuigusa, ni kazi ya nani?

MvuaMorishita (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba wenye kuzijua chapa za mbao za Kijapani wanisaidie, maana hii ni wiki ya tatu jambo hili linanikosesha raha.

Nasoma Tokyo, nimepanga chumba Morishita, karibu kabisa na Mto Sumida. Siku nne kwa wiki navuka daraja la Shin-Ohashi kwa miguu kwenda Hamacho kwenye kibarua changu. Daraja la sasa ni la mwaka 1977, la nyaya nene na minara ya njano, na kwa kweli sikuwahi kulitazama mara mbili. Mwezi uliopita nilikuwa napekua sanduku la picha kwenye duka moja la vitabu vya zamani Jimbocho, nikalikuta daraja langu humo ndani. Si hili la chuma. La mbao, limejipinda juu ya maji, watu wameinama wanakimbia, wengine wamebanana chini ya mwavuli, mwingine kajifunika mkeka, mvua inashuka kama nyuzi zilizokazwa, na kule mtoni mtu mmoja peke yake anasukuma chelezo cha magogo kwa upondo. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama niko salama.

Wengi wenu mtakuwa mmeshaitambua. Ni ya mchoraji Hiroshige, Mvua ya Ghafla Ohashi na Atake, ya 1857, katika mfululizo wa Mandhari Mia Moja Mashuhuri ya Edo (Edo ni jina la zamani la Tokyo). Nililipa yeni 4,500. Mzee alipokuwa anaifunga alitamka neno moja tu, "fukkoku", akainamisha kichwa. Nilipofika nyumbani ndipo nikajua maana yake: imechongwa upya. Yaani mbao zilizotumika si zile za 1857.

Niliumia, sitaficha. Baadaye usiku nikaitoa tena kwenye bahasha nikaigeuza. Nyuma rangi zimepenya, mto unaonekana na wingu linaonekana. Nikipitisha kidole juu yake nasikia mistari imezama kidogo kwenye karatasi. Na kwenye pambizo la kushoto, nje kabisa ya picha, kuna maandishi madogo ambayo sikuwa nimeyaona dukani. Mwenzangu wa darasani alinisomea: jina la mchongaji, kisha jina la mchapaji. Watu wawili, wametajwa kwa majina yao kamili.

Sasa nauliza. Hiki nilicho nacho ni kitu gani, ni bango tu? Na hata ile ya 1857, nasoma kila mahali kwamba Hiroshige hakuchonga wala hakuchapa kwa mkono wake. Basi ile mvua ni kazi ya nani?

---

Kitone_Kimoja

Dada, kabla hatujaenda mbali, chukua lenzi ya kukuzia uangalie sehemu yenye rangi moja pana, kama mto. Ukiona vitone vidogo vimepangwa kama chandarua, imechapwa kwa mashine kutoka kwenye fotografia. Ukikuta rangi imetulia bila vitone, na labda hata mistari ya mti inaonekana ndani ya rangi, hiyo imetoka kwenye ubao. Rangi kupenya nyuma ni dalili nzuri tayari.

---

MvuaMorishita

Asante mkuu. Nimeazima lenzi, nimeangalia. Hakuna vitone popote. Kwenye anga, chini ya lile wingu jeusi, naona kabisa mistari ya mti.

---

MkonoWaBaren

Dada MvuaMorishita, basi ulichonunua ni chapa ya mbao kamili, na usiiite bango tena. Nilikaa miaka mitatu kwenye karakana moja ya uchapaji Kyoto nikijifunza upande wa mchapaji, kwa hiyo nitakujibu kutokea mahali ninapopajua, yaani mezani.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilijibu hilo la kwanza linajijibu lenyewe. Chapa za Edo zilikuwa na watu wanne. Wa kwanza ni mchapishaji. Kwa picha yako alikuwa Uoya Eikichi wa Shitaya, na jina la duka lake lipo kwenye chapa za mfululizo ule ukilitafuta. Yeye ndiye mwenye mtaji. Ndiye anayemwita mchoraji, anayepeleka mchoro kwa wakaguzi wa serikali ugongewe mhuri, anayewalipa wote, na anayebaki na hasara watu wasiponunua. Wa pili ni mchoraji. Hiroshige alichora kwa wino mweusi tu, kwenye karatasi nyembamba sana iitwayo hanshita. Karatasi hiyo ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, ikasuguliwa mpaka mistari ikajitokeza kwa nyuma, na mchongaji akaanza kukata akiipitia. Kisu kinakula mchoro pamoja na mti. Kwa hiyo ile karatasi ambayo Hiroshige aliigusa kwa brashi yake, ambayo moyoni nadhani ndiyo unayoililia, iliisha siku ubao ulipochongwa. Hakuna makumbusho yenye nayo. Haikukusudiwa ibaki.

Wa tatu ni mchongaji, na hapa ndipo penye mvua yako. Watu wengi hudhani anachonga mstari. Hachongi mstari. Anauacha mstari, anaondoa kila kitu kilichouzunguka, mpaka ubaki umesimama kama ukuta mwembamba wa mti unaopokea wino. Mvua ya Ohashi inatoka kwenye mbao mbili: moja ina mistari iliyokolea, nyingine ya kijivu, na zimeelekezwa pembe zinazopishana kidogo. Chukua lenzi yako uone. Ndiyo maana mvua ile haitulii machoni, inaonekana kushuka kwa kasi mbili. Sasa fikiria mtu amekaa na kisu mbele ya ubao akiacha kuta ndefu namna ile, ubao mzima, kutoka juu hadi chini, na mkono ukiteleza mahali pamoja tone limekatika na hakuna gundi itakayolirudisha. Kwenye karakana za wachongaji kulikuwa na vyeo. Uso na nywele zilikuwa za fundi mkuu, hasa pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Nguo na vitu vikubwa walipewa wa chini yake. Mtu alijifunza miaka kama kumi kabla ya kuaminiwa uso.

Wa nne ni mchapaji. Hapo naomba uniruhusu nirefushe.

Meza yetu ni fupi, mtu anakaa chini amekunja miguu, na uso wa meza unainama kuelekea mbele, mbali na wewe, ili uzito wa mwili wako wote uingie kwenye mkono. Karatasi ni ya nyuzi za kozo, jamii ya mforosadi, imepakwa maji ya shabu na gundi ya ngozi ili rangi isisambae. Jana yake umeilowesha na kuipanga, iwe na unyevu sawasawa tangu ya juu hadi ya chini. Unaweka rangi kwenye ubao, unatia uji mzito wa mchele kidogo, unapiga brashi mpaka vichanganyike palepale juu ya mti. Brashi zenyewe nywele zake tulizilainisha kwa kuziburuza juu ya ngozi kavu ya papa. Halafu unalaza karatasi, unashika baren. Baren ni kisugulio cha duara kinachotosha kiganja. Ndani kuna kamba iliyosokotwa kwa ganda la mwanzi, imezungushwa kama ukili unavyozungushwa kushonwa mkeka, na nje imefungwa ganda zima la mwanzi lililovutwa hadi likawa laini kama ngozi. Ganda hilo linachakaa. Mwaka wangu wa kwanza karibu wote ulikuwa wa kulowesha karatasi, kuosha brashi na kufunga baren za wakubwa. Nilifunga na kufungua, nikafunga na kufungua, mpaka vidole vikajua.

Kila rangi ina ubao wake na zamu yake. Kinachofanya zote ziangukie mahali pake ni kento, alama mbili zilizochongwa kwenye ubao wenyewe: moja ya kona, nyingine ya ukingo. Hamna kingine, ni macho na vidole viwili. Siku moja ya baridi kavu niliitwa nje, nikaliacha rundo bila kulifunika vizuri. Niliporudi niliendelea kama kawaida. Kumbe karatasi za juu zilikuwa zimekauka pembeni na kunywea kwa upana usiofika hata nusu milimita. Karatasi arobaini, buluu ya maji ikapanda juu ya mstari wa ufuko, zote. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alizichukua, akaziweka kando yangu, akasema hizo sasa ni zako za mazoezi. Nilizifanyia mazoezi mpaka zikaisha.

Sasa tazama lile wingu jeusi juu ya daraja. Jinsi weusi unavyofifia ukishuka, hiyo inaitwa bokashi, na ubaoni hakuna kitu chochote kinachomwelekeza mchapaji. Ubao ni bapa, mtupu. Unaupitishia kitambaa chenye maji, unaweka wino mahali unapotaka uanze, unauvuta kwa brashi hadi uishe wenyewe ndani ya maji. Chapa zilichapwa kwa makundi ya karatasi 200. Maana yake mawingu 200, kila moja limefanywa upya na mkono, na hayafanani hata mawili. Hiroshige alisema wingu liwe wapi na lifanane na nini. Wingu lenyewe hakulifanya yeye hata mara moja.

Nirudi kwenye kitu chako. Wajapani wana maneno matatu ambayo ungeyajua mapema usingeumia. Shozuri ni chapa za mwanzo, mbao zikiwa kali na mchoraji bado anasikilizwa. Atozuri ni chapa za baadaye kutoka mbao zilezile, mistari imeanza kuchoka, na mara nyingi mchapishaji amepunguza rangi na bokashi ili amalize haraka. Fukkoku ni mbao zilizochongwa upya kwa kufuata chapa nzuri ya zamani, kwa mti uleule, karatasi ya aina ileile, kazi ileile. Shozuri ya Ohashi leo ni mamilioni ya yeni. Na mimi, kwa maoni yangu ambayo najua wengine humu hawatayapenda, nikipewa nichague kati ya atozuri iliyochapwa ovyo na fukkoku iliyochapwa na mtu anayejua wingu, nachukua fukkoku. Hiyo ya kwanza imerithi mti wa 1857, lakini picha imebaki kwenye hii ya pili.

Na hapo kwenye pambizo lako. Chapa ya 1857 inamtaja Hiroshige na inalitaja duka la Uoya. Basi. Yako inamtaja aliyechonga na aliyechapa. Hilo mimi naliona ni jambo kubwa.

---

BuluuYaBerlin

MkonoWaBaren, nakuheshimu, na sijawahi kusoma maelezo ya bokashi yaliyo wazi namna hii. Lakini naona umemsogeza mchoraji pembeni kupita kiasi.

Edo ilikuwa na wachongaji wengi wenye mikono mizuri. Mchoraji kama Hiroshige alikuwa mmoja tu. Alizaliwa 1797 kwenye kikosi cha zimamoto cha Yaesu, akarithi kazi ya baba yake akiwa bado mtoto wa miaka kumi na mbili hivi. Mtu aliyekulia zimamoto katika jiji la mbao analijua jiji kwa namna ya kwake: paa lipi limegusana na lipi, upepo unatoka wapi, daraja lipi litajaa watu. Mwaka 1855 tetemeko likaibomoa Edo. Mwaka uliofuata akaanza mfululizo huu, akiwa na umri wa miaka 60 kwa hesabu yao, akachora chapa zaidi ya 110 mpaka kifo kilipomchukua 1858. Jiji lililokuwa bado linajengwa upya, yeye analionyesha limesimama, lina miti ya maua, kaiti, samaki wa kupepea angani. Uamuzi wa kulikata daraja lile pande zote mbili, tusione linapoanzia wala linapoishia, haukutoka kwenye kisu.

Ushahidi wangu mwingine ni Van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi. Mwaka 1887 akiwa Paris aliinakili Ohashi hii hii kwa rangi za mafuta kwenye turubai. Hakukuwa na mcheri, baren, wala karatasi ya kozo. Daraja likabaki, mvua ikabaki, mtu wa chelezo akabaki. Picha iliyoweza kuhamia kwenye kitu kingine kabisa na bado ikatambulika ni picha ya aliyeiwaza.

Toa noti mpya ya yeni 1,000, ile iliyotoka Julai 2024, igeuze. Ni Wimbi la Hokusai, mchoraji mwingine wa chapa za Edo. Nalo liko pale kwa mashine, bila ubao, na kila mtu anajua ni la Hokusai.

---

MkonoWaBaren

BuluuYaBerlin, umenena vizuri, na kuhusu daraja kukatwa pande zote mbili nakukubalia bila kupunguza neno. Siwezi kuchapa nilichokosa kupewa.

Ila umemtaja Hokusai, basi tumsikilize mwenyewe. Alipokuwa mzee aliwaandikia wachapishaji wake kulalamika kuhusu wachongaji. Macho na pua. Alisema wanamwekea pua na macho ya mtindo wa Utagawa, ambao ulikuwa mtindo wa mjini wakati ule, wakati yeye hakuchora hivyo. Aliomba kazi apewe Egawa Tomekichi, kwa jina, kwa sababu aliuamini mkono wake. Na kwenye kitabu chake cha Mandhari Mia Moja ya Fuji, kilichoanza kutoka 1834, jina la Egawa limeandikwa. Mchoraji mkubwa kuliko wote anahangaika kumtafuta mchongaji mmoja kwa sababu ya kope la chini. Yeye alijua kisu kina uwezo gani juu ya uso wa mtu.

Kuna na mchongaji Hori Take, ambaye mhuri wake mdogo unaonekana kwenye chapa nyingi za mchoraji Kunisada. Ukianza kuangalia pembeni mwa picha badala ya katikati, majina yapo. Machache, lakini yapo.

Kuhusu rangi nikupe mfano mmoja tu. Yoshida Hiroshi, mwaka 1926, alitoa chapa za mashua za tanga za Bahari ya Ndani. Asubuhi, mchana, jioni, usiku, ukungu. Ukiziweka pamoja utaapa ni picha mbalimbali. Mbao ni zilezile. Kilichobadilika ni rangi na mkono wa kuzipaka, na jua likachomoza na kuzama juu ya mti uleule. Yoshida alikuwa mchoraji wa mafuta na maji mwenye jina lake, na alipoamua kufanya chapa alijifunza kuchonga na kuchapa ili awasimamie mafundi wake akiwa anajua anachodai. Chapa alizosimamia mwenyewe zina mhuri wa jizuri, yaani "kachapa mwenyewe", pambizoni. Alitaka uchapaji uhesabiwe.

Kuhusu noti nakuomba uitazame tena karibu na dirisha. Mistari ipo. Ule uzito wa buluu, buluu ya Prussia ambayo jina lako humu limetokana nayo, ukiwa umeingia ndani ya karatasi, huo hauko pale.

---

ThelujiYaShiba

Nimefurahi kuukuta mjadala huu. Mimi ni mpenzi wa kazi za Kawase Hasui, mchoraji wa chapa wa karne ya 20, na kwetu jambo hili la watu wanne lina sura nyingine.

Kufikia mwisho wa enzi ya Meiji (1912) kazi ilikuwa inakufa. Fotografia na mashine za kuchapa zilichukua habari, zikachukua picha za waigizaji, zikachukua kila kitu ambacho chapa za mbao ziliishi nacho. Watanabe Shozaburo, mchapishaji wa Tokyo, akawakusanya upya: mchoraji, mchongaji, mchapaji, chini ya duka moja. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la Kanto na moto wake likateketeza duka, mbao, na chapa zilizokuwa stoo. Hasui alipoteza vitabu vyake vya michoro, zaidi ya 180. Watanabe akamsukuma asafiri. Akaondoka safari ndefu, akarudi amejaa picha. Mwaka 1925 ikatoka chapa yake ya hekalu la Zojoji, Shiba: lango jekundu, theluji inapigwa na upepo, mwanamke mmoja amejikinga kwa mwavuli. Theluji ile nyingi ni karatasi yenyewe, haikuguswa na rangi. Mchongaji aliondoa mti, mchapaji akaepuka, na baridi ikabaki.

Wakati huohuo kulikuwa na kundi lililokataa kabisa mgawanyo huu. Yamamoto Kanae alichapa Mvuvi wake mwaka 1904: kachora mwenyewe, kachonga mwenyewe, kachapa mwenyewe. Kutoka hapo tukampata Munakata Shiko wa Aomori, ambaye macho yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba alichonga huku uso wake ukiwa karibu kugusa ubao, na 1956 akachukua tuzo kuu ya chapa Venice. Nazipenda kazi zake sana. Lakini ukiziweka kando ya Zojoji unaona ni ufundi wa aina mbili, na hakuna mtu mmoja aliyewahi kuwa na mikono ya kutosha kufanya Zojoji peke yake.

Dada, nenda Makumbusho ya Ota, Harajuku. Ni ya ukiyo-e tu, yaani picha na chapa za aina hii za enzi ya Edo. Wanabadilisha maonyesho mara kwa mara kwa sababu mwanga unazila rangi. Ukiwakuta wametoa Mandhari Mia Moja, simama mbele ya shozuri huku ukiwa na kumbukumbu ya yako. Usiangalie daraja kwanza. Angalia wingu.

---

MvuaMorishita

Wakuu, sina la kuwalipa. Nimeyasoma majibu yenu nikiwa na chapa mezani mbele yangu.

Juzi ilinyesha jioni nikitoka kibaruani. Nilisimama katikati ya Shin-Ohashi. Nimesoma kwamba daraja la Hiroshige halikuwa mahali hapa hasa, lilikuwa chini kidogo kuelekea baharini, kwa hiyo niliangalia upande huo. Watu walinipita wameinama vilevile, mabega yamepanda vilevile. Nilitafuta mvua ya kasi mbili. Mbele ya taa za barabarani ilikuwa nyeupe, na kwenye giza la mto ilikuwa ya kijivu. Sijui ni nani kati ya wale wanne aliyeiona kwanza hivyo, lakini mtu fulani aliiona.

Nimeamini sasa kwamba nilichonacho ni kitu kamili, na nataka kukitunza. Fundi wa fremu hapa mtaani ameniambia ataibana kwa kadi nyeupe hadi kwenye ukingo wa picha ili maandishi ya pambizoni yasionekane, picha ikae safi. Amesema pia atabandika pembe nne kwa gundi isitikisike. Nimwache afanye?

---

MkonoWaBaren

Usimwache. Gundi hapana, na mkanda wa kunata hapana kabisa, utaacha doa la kahawia ambalo halitoki. Mwambie aishike upande wa juu tu, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani na uji wa ngano au wa mchele, ining'inie, iwe na nafasi ya kutanuka wakati wa tsuyu (msimu wa mvua) na kunywea wakati wa baridi. Kadi iwe isiyo na asidi. Kioo kisiguse karatasi. Ukutani iwe mahali jua halifiki, na ipumzishe ndani ya kabati miezi kadhaa kila mwaka.

Pambizo lisikatwe hata kidogo, hata kama fundi atasema ni kwa ajili ya vipimo. Na kadi yake isibane hadi kwenye picha. Mwambie aache sentimita mbili upande wa kushoto, yale majina mawili yasomeke.